Mwanafunzi Aliyemnunua Mwalimu: Historia ya Maduka ya 7-Eleven kati ya Dallas na Tokyo

Mwezi wa Machi 1991, kundi la maduka la Ito-Yokado la Tokyo pamoja na kampuni yake ya Seven-Eleven Japan lilitoa dola milioni 430 za Marekani, likajipatia karibu 70 kwa mia ya hisa za kampuni ya Southland yenye makao mjini Dallas, katika jimbo la Texas. Miaka kumi na saba na ushei kabla ya siku hiyo, Wajapani haohao walikuwa wamevuka bahari kwenda Dallas kuomba ruhusa ya kutumia jina la Southland na kujifunza namna yake ya kuuza. Aliyekuwa mwombaji akawa mwenye nyumba, na aliyekuwa mwalimu akaketi darasani. Mageuzi hayo husimuliwa mara nyingi kama hadithi ya werevu wa Kijapani, na waandishi wa mambo ya biashara wameyaandikia vitabu vingi vya sifa. Masimulizi hayo si ya uongo. Kasoro yake ni kwamba yanamtazama sana mkurugenzi aliye katika jumba la ghorofa, na kumsahau mwenye duka anayesimama nyuma ya meza saa tisa za usiku, ilhali bila yeye hakuna duka wala historia.

Neno na kitu

Wajapani huliita duka la namna hii konbini. Asili yake ni maneno mawili ya Kiingereza, moja likaachwa na jingine likakatwa mkia, kisha kilichobaki kikapewa umbo la nyumbani, kwa kuwa Kijapani, sawa na Kiswahili, hupenda silabi inayoishia kwa irabu. Anayelisikia neno hilo kwa mara ya kwanza angeweza kulidhania kuwa la Kibantu. Waswahili nao walifanya vivyo hivyo walipolichukua neno dukkan la Kiarabu wakalifanya duka, likaingia katika ngeli na kuzaa maduka bila ya kuuliza ukoo wake. Mfano huu wa lugha unafaa kukumbukwa katika kusoma historia ya kitu chenyewe, kwa maana konbini pia ni jambo la kukopwa lililobadilika kwa kina hata mkopeshaji alipoliona tena hakulitambua.

Konbini ya kawaida ni duka dogo, lenye ukumbi wa mita za mraba mia moja na zaidi kidogo, ambamo hupangwa aina za bidhaa zipatazo 3,000. Taa zake haziwi giza. Ndani yake mtu hupata wali uliopikwa asubuhi ileile, magazeti, soksi, betri na dawa ya meno. Humo hulipia umeme na maji, hutuma mzigo, huchukua fedha za benki, hununua tiketi ya tamasha. Tangu mwaka 2018 kampuni ya Seven-Eleven Japan peke yake imekuwa na maduka zaidi ya 20,000 katika nchi hiyo.

Barafu ya Dallas

Chimbuko lake ni barafu. Mwaka 1927, wakati ambapo nyumba nyingi za Texas hazikuwa na friji, iliundwa mjini Dallas kampuni ya Southland kwa ajili ya kutengeneza na kuuza mabonge ya barafu. Mfanyakazi mmoja aliyesimamia kituo cha kuuzia barafu aliona kwamba wateja waliofika jioni na siku za Jumapili, maduka mengine yakiwa yamefungwa, walihitaji pia maziwa, mayai na mkate. Barafu ilikuwapo tayari ya kuvihifadhi. Akaanza kuviuza, na wakuu wake wakaona faida wakaeneza desturi hiyo katika vituo vingine. Mwaka 1946 maduka hayo yakapewa jina la 7-Eleven, kwa sababu yalifunguliwa saa moja ya asubuhi na kufungwa saa tano ya usiku, muda ambao kwa hesabu ya Kiingereza huanza saa saba na kuishia saa kumi na moja. Msomaji wa Kiswahili, ambaye saa yake huanza na kuchomoza kwa jua, hana budi kuligeuza jina hilo kichwani kabla ya kulielewa.

Baada ya vita duka hilo lilikua pamoja na gari. Mmarekani aliyehamia kitongojini alitaka mahali pa kusimamisha gari dakika tatu, achukue sigara, bia na maziwa, aende zake. Southland ilianza kukodisha jina lake kwa watu wenye mitaji midogo, ikiwapa duka na bidhaa, nao wakigawana faida na kampuni. Ndiyo biashara iliyoonekana na Wajapani mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Mkataba wa mwaka 1973

Ito Masatoshi, aliyezaliwa 1924 na kufariki 2023, alikuwa ameirithi biashara ndogo ya nguo ya familia yake huko Tokyo, akaigeuza kuwa maduka makubwa ya Ito-Yokado. Chini yake alifanya kazi Suzuki Toshifumi, mzaliwa wa mkoa wa Nagano, aliyeingia katika kampuni hiyo mwaka 1963 akitoka katika shughuli ya kusambaza vitabu. Suzuki hakuwa muuza duka kwa malezi. Mwenyewe amekuwa akisimulia kwamba aliliona bango la 7-Eleven kandokando ya barabara alipokuwa safarini Marekani, akashangaa kuona duka dogo likistawi katika nchi ya maduka makubwa.

Mshangao huo ulikuwa na sababu. Nchini Japani wakati ule wenye maduka madogo walikuwa wakilalamika kwamba maduka makubwa yanawameza, na kura zao zilikuwa nyingi. Mwaka 1973 bunge lilipitisha sheria ya kudhibiti ufunguzi wa maduka makubwa, ikaanza kutumika mwaka uliofuata. Kwa Ito-Yokado mlango wa kukua kwa njia ya zamani ulianza kufungwa. Suzuki alishikilia hoja moja: kwamba dogo halifi kwa sababu ni dogo, bali kwa sababu linafanya kazi vibaya. Wengi katika kampuni yake hawakumwamini. Ito mwenyewe alisitasita, kisha akakubali.

Mazungumzo na Southland yalikuwa magumu. Wamarekani walidai mrabaha wa 1 kwa mia ya mauzo yote. Hatimaye ikakubaliwa 0.6, pamoja na sharti la kufungua maduka 1,200 katika miaka minane. Mkataba ulitiwa sahihi mwishoni mwa Novemba 1973, katika majira yaleyale ambapo bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani na uchumi wa Japani ukatikisika.

Vilipofunguliwa vitabu vya maelekezo vilivyotoka Dallas, Wajapani walikata tamaa. Walitarajia kukuta siri. Wakakuta mafundisho ya mfanyakazi mpya, jinsi ya kufagia na jinsi ya kuhesabu fedha. Walichokuwa wamekinunua hasa ni jina, namna ya kugawana faida, na wazo. Yaliyobaki iliwapasa kuyabuni wenyewe, na huenda hiyo ndiyo iliyokuwa bahati yao, kwa maana kitabu kizuri zaidi kingeliwafunga.

Duka la kwanza lilifunguliwa tarehe 15 Mei 1974 katika mtaa wa Toyosu, wilaya ya Koto, mjini Tokyo. Halikujengwa na kampuni. Lilikuwa duka la pombe la kijana aliyerithi kazi ya babaye, akasoma habari ya mpango huo gazetini, akaiandikia kampuni barua. Wakubwa wengine walipendelea kuanza na duka la kampuni yenyewe, ili wakikosea wakosee faraghani. Suzuki alikataa: iwapo nia ni kuonyesha kuwa duka dogo la zamani laweza kufufuka, basi na lifufuliwe duka dogo la zamani. Husimuliwa kwamba kitu cha kwanza kuuzwa siku hiyo kilikuwa miwani ya jua ya yeni 800.

Shida ilianza mara moja. Wauzaji wa jumla walizoea kupeleka bidhaa kwa makasha makubwa, bila kujali ukubwa wa duka. Nyumba ya mwenye duka ikajaa sabuni na mikebe, huku vilivyotakiwa na wateja vikiwa vimekwisha rafuni. Ikabidi kuwasihi wauzaji hao wakubali kupeleka kidogo kidogo. Nao wakajibu, kwa haki, kwamba gari haliwezi kuwashwa kwa ajili ya duka moja. Hapo likapatikana jibu ambalo limekuwa msingi wa biashara hiyo yote: maduka yafunguliwe karibu karibu, katika wilaya ile ile ya Koto, hata gari moja liyahudumie mengi kwa mzunguko mmoja. Anayetembea katika miji ya Japani na kuona maduka mawili ya jina moja yakitazamana huyadhania kuwa ni upuuzi. Asili yake ni hilo kasha la sabuni. Kwa upande wa mwenye duka, hata hivyo, mpango huu una ubaya wake, kwa kuwa jirani anayemnyang'anya wateja ni wa kampuni yake mwenyewe.

Tonge la wali na mashine ya hesabu

Mwezi wa Juni 1975 duka moja la mji wa Koriyama, mkoa wa Fukushima, lilijaribu kutofunga usiku. Mauzo yalipanda, na si ya usiku peke yake. Duka lisilofungwa hupata nafasi ya kupanga rafu wakati wa utulivu, na mteja hujifunza kutouliza iwapo liko wazi. Mwaka 1976 yakafika maduka 100. Mwaka 1980 yakafika 1,000.

Kilichoitenga konbini na mama yake wa Texas ni chakula. Mwaka 1978 Seven-Eleven Japan ilianza kuuza tonge la wali lililofungwa kwa mwani mkavu, yaani onigiri, ambalo kila mama wa Kijapani huwatengenezea wanawe. Wapo waliocheka: nani atanunua kitu kinachofanywa nyumbani bila gharama? Fundi wa jambo hilo alikuwa karatasi laini ya plastiki iliyotenganisha mwani na wali hadi dakika ya kula, ili mwani usilainike. Mlaji huivuta karatasi kwa mpango maalumu, na tonge hujivika lenyewe. Kwa ubunifu mdogo kama huo chakula cha mama kikahamia dukani. Wanahistoria wa familia ya Kijapani wana haki ya kuuliza kipi kilitangulia, duka kuuza tonge au nyumba kukosa mtu wa kulifinyanga. Pengine mambo hayo mawili yalikwenda sambamba, wanawake wengi wakiingia katika kazi za mshahara na vijana wengi wakiishi peke yao mijini.

Chakula kibichi hakisubiri. Kikikosekana, mteja huondoka, kikizidi, hutupwa. Kwa sababu hiyo hesabu ya kampuni ikawa kali. Tangu 1982 maduka yake yalifungwa mashine za kupokelea fedha zilizounganishwa na kompyuta, zikiandika kila kitu kilichouzwa na saa yake. Kwa miaka mingi mfanyakazi alibonyeza pia kitufe cha kukadiria umri wa mteja na kama ni mwanamume au mwanamke. Marekani mashine kama hizo zilikuwa zimetumika hasa kuzuia wizi na makosa ya wafanyakazi. Suzuki alizitaka zimwambie kipi kimelala rafuni. Wajapani waliita kazi hiyo tanpin kanri, maana yake kusimamia bidhaa mojamoja. Mwenye kuagiza hutazama mauzo ya jana, husikiliza habari ya hali ya hewa, hukumbuka kuwa kesho shule ya jirani ina michezo, hukisia idadi ya matonge, kisha jioni huangalia kama alikisia vyema. Jambo la kuvutia ni kwamba kazi hiyo hawakupewa wakuu peke yao. Mwanafunzi anayefanya kibarua cha saa nne naye huagiza, na kukosea, na kujifunza.

Magari nayo yalipangwa upya. Maziwa ya viwanda vinavyoshindana yalianza kupakiwa katika gari moja mwaka 1980, jambo ambalo wenye viwanda walilichukia kwanza. Bidhaa zikagawanywa kwa kadiri ya joto na baridi zinazohitaji. Mwaka 1974 duka moja lilipokea magari yapatayo 70 kwa siku. Baadaye idadi hiyo ilishushwa hadi 9 hivi.

Kuanguka kwa Southland

Wakati mwanafunzi akifinyanga matonge, mwalimu alikuwa akicheza na mitaji. Mwaka 1983 Southland ilinunua kampuni ya mafuta ya Citgo. Mwaka 1987, kwa kuhofia kunyakuliwa na mwekezaji wa Kanada, familia ya Thompson iliyoiongoza iliamua kununua hisa zote kwa fedha za kukopa, na masoko ya hisa yakaanguka Oktoba ya mwaka huohuo. Deni la mabilioni ya dola likabaki shingoni, na riba yake ikala kila kilichouzwa. Maduka yakachakaa; ili kuvuta wateja yakapunguza bei za soda na bia, vita ambavyo duka dogo haliwezi kumshinda mwenye duka kubwa. Mwishoni mwa 1989 Southland iliwauzia Wajapani maduka yake 58 ya Hawaii. Oktoba 1990 iliomba mahakamani kinga dhidi ya wadai, na Machi iliyofuata ikaja ile siku iliyotajwa mwanzoni.

Wajapani hawakupeleka Dallas jeshi la wasimamizi. Walibakiza jina na wakubwa wengi wa Kimarekani, lakini walileta maswali yao: kwa nini muuza duka hajui kilichouzwa jana? Kwa nini kiwanda cha vinywaji ndicho kinachoamua rafu ipangwe vipi? Mwaka 1992 maghala ya kampuni yaliuzwa, kwa kuwa yalilazimisha maduka kununua kilichopo ghalani badala ya kinachotakiwa. Polepole maduka yakapewa kompyuta, na vyakula vya siku vikaanza kupelekwa kila siku. Haikuwa kunakili. Mteja wa Marekani bado anakuja na gari, bado anataka petroli na kahawa katika kikombe kikubwa, na makumi ya miaka baadaye wakuu wa Tokyo walikuwa wangali wakilalamika kwamba chakula cha maduka ya Amerika hakijafikia kile cha Japani. Mwaka 1999 Southland iliacha jina lake ikaitwa 7-Eleven. Mwaka 2005 iliundwa Seven & i Holdings mjini Tokyo, na hisa zilizosalia za Marekani zikanunuliwa zote.

Jina moja, njia nyingi

Hapa inahitajika tahadhari. Huzungumzwa juu ya "upanuzi wa konbini ya Kijapani katika Asia" kana kwamba maduka yote yalitoka Tokyo. Sivyo. Leseni za Hong Kong, Taiwani na Thailand zilitolewa na Dallas, zote kabla ya mwaka 1991, kwa matajiri wa nchi hizo wenyewe. Huko Taiwani kampuni ya vyakula ya Uni-President ilifungua maduka yake ya kwanza ya 7-Eleven mwaka 1980, ikapata hasara kwa miaka mingi, na nusura iache. Iliposimama ilisimama kwa mayai yaliyochemshwa katika majani ya chai, harufu yake ikimpokea mteja mlangoni. Huko Thailand kundi la Charoen Pokphand, wafugaji wakubwa wa kuku, lilifungua duka la kwanza mjini Bangkok mwaka 1989. Kufikia 2023 maduka yao yalizidi 14,000, idadi ya pili duniani baada ya Japani. Wajapani wenyewe, mbali na Hawaii, walikwenda moja kwa moja Beijing mwaka 2004. Kwa hiyo ramani ya 7-Eleven ni ya jina la Kimarekani, ufundi wa Kijapani uliofika kwa viwango tofauti, na fedha za wenyeji.

Washindani walikuwa Wajapani zaidi katika safari zao. Lawson, ambayo nayo ilizaliwa Marekani kama duka la maziwa la Ohio mwaka 1939 na kufika mkoa wa Osaka mwaka 1975, ilitangulia wengine kuingia Shanghai, mwaka 1996. FamilyMart ilifika Taiwani 1988 na Korea ya Kusini 1990. Huko Korea mwenyeji wake, baada ya kujifunza ya kutosha, aliliondoa jina la Kijapani mwaka 2012 na kuweka lake, CU. Mwanafunzi mwingine tena. Jaribio la FamilyMart katika California, lililoanza 2005 kwa kuwalenga wateja wenye fedha, lilifungwa 2015.

Mfano wa Indonesia unafundisha zaidi, kwa kuwa ni wa kushindwa. 7-Eleven ilifungua Jakarta mwaka 2009 kwa leseni, ikaweka viti na meza, na vijana wakajaa. Walikuja kukaa na kuzungumza, wakiwa na kinywaji kimoja kwa saa tatu. Duka lilikuwa limejaa watu na sanduku la fedha lilikuwa tupu. Mwaka 2015 serikali ilipiga marufuku uuzaji wa bia katika maduka madogo, huku minyororo ya wenyeji, Indomaret na Alfamart, ikiuza kwa bei nafuu katika kila kona. Tarehe 30 Juni 2017 maduka yote yalifungwa. Ufundi wa Tokyo ulitegemea mteja mwenye haraka. Jakarta ilimletea mteja mwenye nafasi.

Nyuma ya meza

Katika mkataba wa Kijapani kampuni haigawani na mwenye duka mauzo, bali faida ghafi: bei ya kuuzia ikitolewa bei ya kununulia. Pale ambapo jengo ni la kampuni, sehemu ya kampuni mara nyingi huzidi nusu. Chakula kinachotupwa huhesabiwa upande wa mwenye duka kwa sehemu iliyo kubwa, na mishahara ni yake yote. Kwa hesabu hiyo kampuni hupendelea rafu iliyojaa, kwani rafu tupu humnyima mapato, na mwenye duka huogopa rafu iliyojaa, kwani jioni ataitupa. Wenye maduka walipotaka kupunguza bei ya chakula kinachokaribia saa yake ya mwisho, walizuiwa. Mwezi wa Juni 2009 Tume ya Japani ya Biashara ya Haki iliiamuru Seven-Eleven Japan iache kuwazuia.

Je, mtu huyu ni bwana wa duka lake au ni mfanyakazi asiyelipwa mshahara? Swali hilo lilipelekwa mbele ya vyombo vya sheria na wenye maduka waliounda chama chao. Tume ya kazi ya mkoa wa Okayama ilikubali mwaka 2014 kwamba wana haki ya kujadiliana na kampuni kama wafanyakazi. Tume Kuu ya Kazi ikatengua uamuzi huo mwaka 2019, na mahakama zikafuata njia hiyo ya pili.

Mwanzoni mwa mwaka huohuo wa 2019, mwenye duka mmoja wa mkoa wa Osaka, aliyefiwa na mkewe ambaye ndiye aliyekuwa msaidizi wake, na kukosa vibarua, aliamua kufunga usiku. Kampuni ilimkumbusha mkataba na faini ya yeni milioni 17. Habari ikaenea, na taifa likashtuka kugundua gharama ya taa ambazo lilikuwa limezizoea. Kampuni ililegeza, ikawaruhusu baadhi ya wenye maduka kujaribu saa chache. Mkataba wa mtu yule ulivunjwa mwisho wa mwaka kwa madai mengine ya malalamiko ya wateja, na mwaka 2022 mahakama ya Osaka iliipa kampuni haki. Lakini mwaka 2020 Tume ya Biashara ya Haki ilikuwa imetamka katika taarifa yake kwamba kukataa kuzungumza na mwenye duka juu ya saa za kazi kwaweza kuwa matumizi mabaya ya nguvu.

Uhaba wa vibarua ulioanzisha kesi hiyo haukuwa ajali. Japani inazeeka, na vijana wake ni wachache mwaka hadi mwaka. Usiku, katika maduka mengi ya Tokyo, anayepokea fedha ni mwanafunzi kutoka Vietnam au Nepal, ambaye sheria inamruhusu kufanya kazi saa 28 kwa juma. Amejifunza maneno ya adabu ya muuzaji wa Kijapani, lugha ya heshima ambayo wazawa wenyewe huikosea.

Zamu ya kununuliwa

Nchi inayopungua watu haiwezi kuongeza maduka bila kikomo, na hiyo ndiyo sababu fedha za Tokyo zilizidi kuelekea ng'ambo. Mwezi wa Mei 2021 maduka yapatayo 3,800 ya Speedway, yaliyo pamoja na vituo vya petroli nchini Marekani, yalinunuliwa kwa dola bilioni 21, karibu mara hamsini ya bei iliyoiokoa Southland. Mwaka 2024 ikanunuliwa leseni ya Australia. Suzuki hakuwapo tena madarakani; alijiuzulu Aprili 2016, baada ya baraza la wakurugenzi kukataa pendekezo lake la kumwondoa mkuu wa Seven-Eleven Japan, Isaka Ryuichi.

Mwezi wa Agosti 2024 ikatangazwa kwamba Seven & i yenyewe inatakiwa kununuliwa. Mnunuzi alikuwa Alimentation Couche-Tard wa Québec, jina ambalo msomaji ajuaye Kifaransa atalifurahia, maana ni la mtu achelewaye kulala. Kampuni hiyo ilikuwa imechukua mwaka 2002 mabaki ya maduka ya Lawson ya Ohio. Sasa ilitaka na warithi wa Dallas. Bei iliyotajwa ilifika dola bilioni 47 hivi. Familia ya Ito ilijaribu kukusanya fedha za kuinunua kampuni yao, kwa njia ileile iliyoiua Southland mwaka 1987, yaani deni. Jaribio hilo lilivunjika Februari 2025 mshirika wake mkuu alipojitoa. Julai 2025 Couche-Tard nayo iliondoa ombi lake, ikilalamika kwamba haikukaribishwa kwa mazungumzo ya kweli.

Katika kujitetea, Seven & i ilikubali mwaka 2025 kuyauza kwa Bain Capital ya Marekani maduka makubwa ya Ito-Yokado, yaani nyumba iliyoizaa konbini na kuilea. Mwezi wa Mei 2025 ilimpa uongozi Stephen Dacus, mkuu wake wa kwanza asiye Mjapani wa uraia. Baba yake aliwahi kuendesha duka la 7-Eleven huko Marekani, na Dacus mwenyewe, katika ujana wake, alifanya humo zamu za usiku.